Kaondoka, Kaondolewa, au Tumeondokewa?
Uhakiki wa istilahi za kuagana na waendesha vipindi vya usiku

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifu istilahi tumezoea kushughulikia majina zaidi kuliko vitenzi. Orodha tunazoletewa na wizara, vyuo na mashirika hujaa majina ya vyombo, vyeo, magonjwa na taratibu; nasi tukishapata jina lifaalo huona kwamba kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo ina upungufu, na kwamba mara nyingine ugomvi mzima wa watu hukaa ndani ya kitenzi kimoja, tena ndani ya kiambishi kimoja cha kitenzi hicho.

Mfano nitakaoutumia unatoka mbali, yaani Marekani, katika vipindi vya mazungumzo vya televisheni vinavyoonyeshwa usiku. Kila mara mwendeshaji wa kipindi cha namna hiyo anapoondoka, watu wengi husema, huandika, hulia na hata huandamana. Msomaji anaweza kuuliza: jambo hilo latuhusu nini sisi? Jibu langu ni la sehemu mbili. Kwanza, habari hizo hutafsiriwa kwa Kiswahili kila zinapotokea, na hutafsiriwa kwa haraka, na makosa yanayofanywa humo huzoeleka hata yakaonekana kuwa ndiyo lugha. Pili, maneno yanayotumiwa huko ya kueleza jinsi mtu alivyotoka kazini ndiyo yale yale yanayopita kila siku katika barua za ofisi zetu, na katika barua hizo kosa la kitenzi humgharimu mtu haki yake.

1. Kipindi chenyewe na jina lake

Kwa wasiokifahamu, kipindi cha namna hii huja baada ya taarifa ya habari ya usiku. Mtu mmoja husimama mbele ya watazamaji waliomo ukumbini, akatoa mizaha juu ya mambo ya siku ile, hasa mambo ya wakubwa. Kisha huketi nyuma ya meza na kupokea wageni mmoja baada ya mwingine: mcheza sinema, mwandishi, mwanasiasa. Bendi huwapo tangu mwanzo hadi mwisho. The Tonight Show cha shirika la NBC kilianza mwaka 1954, na kuanzia Oktoba 1962 hadi Mei 1992 kiliendeshwa na mtu mmoja, Johnny Carson. Shirika la CBS nalo lilianzisha The Late Show mwaka 1993 kwa ajili ya David Letterman, ambaye alifuatwa na Stephen Colbert mwezi Septemba 2015.

Tuanze na jina la jumla. Baadhi ya wafasiri huandika “kipindi cha mahojiano”. Neno hilo halitoshi, kwa sababu katika mahojiano mmoja huuliza na mwingine hujibu, na anayeuliza hatarajiwi kuchekesha wala kusimulia habari zake mwenyewe. Wengine huandika “kipindi cha majadiliano”, lakini majadiliano huwa na hoja inayotafutiwa ufumbuzi, na hapa hakuna hoja ya namna hiyo. “Kipindi cha mazungumzo” ndicho kilicho karibu zaidi, na kwa maandishi yasiyo ya kiofisi “kipindi cha gumzo” kinafaa sana, maana gumzo ni mazungumzo ya watu waliokaa pamoja baada ya kazi bila ya haraka.

Ama kuhusu wakati, kosa la kawaida ni kuandika “kipindi cha usiku wa manane”. Vipindi vikubwa vya aina hii huanza saa 5:35 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Usiku wa manane, kwa msemaji wa Kiswahili, ni usiku uliozama, wakati watu wamelala na mbwa ndio wanaosikika. Neno lenyewe latukumbusha saa nane. Mtu anayetazama televisheni saa 5:35 hajaingia humo. Mfasiri anayeandika “manane” huwafanya watazamaji wa Marekani waonekane kama walinzi wa zamu, ilhali ni watu wa kawaida wanaojiandaa kulala. “Kipindi cha usiku” kinatosha, na panapohitajika saa itajwe.

2. Mwenyeji asiye na nyumba

Mtu anayeendesha kipindi hicho tumwiteje? Hapa pana majina manne yanayoshindana: mtangazaji, mwongozaji, mwenyeji na mwendesha kipindi.

“Mtangazaji” ni neno pana mno. Tangu enzi za redio, kila asemaye mbele ya kipaza sauti katika Afrika Mashariki huitwa mtangazaji, awe anasoma habari, anatangaza mpira au anasoma salamu za wasikilizaji. “Mwongozaji” limekwisha kuchukuliwa na watu wa filamu na tamthilia kwa maana ya yule anayewaelekeza waigizaji, na kulirudisha hapa ni kuchanganya mambo.

“Mwenyeji” ndilo lenye mvuto zaidi, nalo ndilo tafsiri ya moja kwa moja, kwani Waingereza hulitumia kwa kazi hii neno lile lile wanalolitumia kwa mtu apokeaye wageni nyumbani kwake. Sisi nasi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli wageni huja, huketi, huzungumza, hupewa heshima, huaga. Lakini hebu tulichunguze neno hili kwa makini. Mwenyeji, kwa Kiswahili, ni mwenye mji au mwenye nyumba. Hawezi kuondolewa na mtu mwingine nyumbani mwake akaendelea kuitwa mwenyeji. Akiondolewa, basi aliyemwondoa ndiye mwenyeji hasa. Mwendesha kipindi cha televisheni hamiliki kipindi kwa maana hiyo. Katika habari nitakazozisimulia, jina la kipindi, saa yake na uamuzi wa kuendelea au kukoma vilikuwa mikononi mwa shirika la utangazaji.

Nadhani hapa ndipo ilipo siri ya hasira ya watazamaji. Kwa miaka mingi wamemwona mtu huyu akiwakaribisha usiku kwa usiku, wakamhesabu kuwa ndiye mwenye nyumba. Siku moja wanaambiwa kwamba mwenye nyumba anahamishwa. Wanashangaa: anahamishwa na nani? Kumbe nyumba ina mwenyewe mwingine, ambaye hawakupata kumwona akiketi mezani. Neno la Kiingereza liliwaficha jambo hilo. La kwetu, likitumiwa ovyo, litaficha vilevile. Kwa sababu hiyo napendekeza “mwendesha kipindi” liwe istilahi ya kawaida. “Mwenyeji” libaki pale panapozungumziwa uhusiano wake na wageni wake tu.

Kuna jambo jingine la kwetu linalosaidia kulielewa hili. Katika utani wa makabila, mtani huweza kumwambia mkubwa neno ambalo mwingine akilisema ataonekana mtovu wa adabu. Ruhusa hiyo haitolewi na mkubwa, wala mkubwa hawezi kuiondoa; ni ya desturi. Mwendesha kipindi cha usiku naye huwatania wakubwa, na watazamaji humchukulia kama mtani. Lakini ruhusa yake haitokani na desturi. Inatokana na mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mkataba ukifika kikomo, au mwenye mkataba akibadili nia, utani nao hukoma.

3. Usiku wa leo na usiku wa kesho

Habari ya Conan O’Brien ya mwaka 2010 ni mfano mzuri wa jinsi ugomvi wa watu unavyoweza kupotea katika tafsiri isiyo na kosa lolote la sarufi.

Mwaka 2004 shirika la NBC liliahidi kwamba O’Brien angemrithi Jay Leno katika The Tonight Show mwaka 2009. Ahadi ilitimizwa Juni 1, 2009. Lakini Leno hakwenda zake. Alipewa kipindi kingine cha saa 4 usiku, kilichoanza Septemba mwaka ule ule. Kipindi hicho hakikuvuta watu wa kutosha, na vituo vya mikoani vikalalamika kwamba taarifa zao za habari zilizokifuata zimekosa watazamaji. Januari 2010 NBC ikapendekeza Leno arudishwe saa 5:35 usiku kwa nusu saa, na The Tonight Show isogezwe hadi saa 6:05. O’Brien alitoa taarifa Januari 12, akakataa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kipindi hicho kikisogezwa hadi siku ya pili yake kitaharibiwa, naye hakutaka kushiriki katika uharibifu huo.

Mfasiri akiandika kwamba “kipindi kilisogezwa mbele kwa nusu saa, kutoka saa 5:35 hadi saa 6:05 usiku, naye akakataa”, hakuna aliloongopa. Lakini msomaji wa Kiswahili atabaki akijiuliza: nusu saa tu ndiyo imemfanya mtu aache kazi aliyoingoja miaka mitano? Sababu ni kwamba hesabu ya siku katika lugha hizi mbili si moja. Kwa Waingereza na Wamarekani tarehe hubadilika saa sita usiku, na jina la kipindi lina maana ya “usiku wa leo”. Kikianza saa 6:05 ni cha usiku wa leo kwa jina, na cha kesho kwa kalenda. Kwetu sisi usiku ni mmoja tangu magharibi hadi alfajiri. Wazee wetu waliuhesabu usiku pamoja na siku inayofuata, hata wakasema “usiku wa Ijumaa” kwa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa; na hata leo tunasema “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Kwa msemaji wa namna hiyo, saa 5:35 na saa 6:05 ziko ndani ya chumba kimoja. Hakuna mlango uliopitwa.

Basi mfasiri mwangalifu hana budi kuongeza maneno machache: “yaani baada ya tarehe kubadilika, jambo ambalo kwake lilikuwa kukinyima kipindi maana ya jina lake”. Kuna wanaosema kwamba kuongeza ni kuvunja uaminifu. Mimi naona kinyume chake. Mfasiri anayeacha maneno hayo ameyatafsiri maneno yote lakini ameiacha habari.

4. Vitenzi vitatu

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Kitenzi “ondoka” kina watoto wengi, na watatu kati yao watatosha.

“Kaondoka” humfanya mtu mwenyewe kuwa mtendaji. Ameinuka, amekwenda. “Kaondolewa” humfanya kuwa mtendwa, na mara moja masikio yanangoja neno “na”: kaondolewa na nani? “Tumeondokewa” hatumzungumzii yeye kabisa. Tunajizungumzia sisi tuliobaki. Ndiyo kauli tunayoitumia msibani, tunaposema fulani ameondokewa na mzazi wake. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinachoweza kugeuzwa hivi mara tatu. Wao hutumia jina moja la “kuondoka” kwa hali zote, na jina hilo, kwa kuwa halina mtendaji wala mtendwa, huwafaa sana watu wasiopenda kuulizwa maswali.

Tuvijaribu vitenzi hivi katika matukio matatu.

Johnny Carson alitangaza Mei 1991 kwamba angeacha kipindi mwaka mmoja baadaye, akakiaga Mei 22, 1992, baada ya takriban miaka thelathini. Hapa “aliondoka” na hata “alistaafu” yanafaa bila ya wasiwasi. Watazamaji nao waliondokewa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 50 walitazama usiku ule wa mwisho. Lakini hapakuwa na “na nani?”, na kwa hiyo huzuni ya kumwaga yeye haikugeuka kuwa madai.

Conan O’Brien alitia saini makubaliano ya kutoka yaliyotangazwa Januari 21, 2010, yenye thamani ya dola zipatazo milioni 45, ambazo sehemu yake ilikuwa ya wafanyakazi wake. Usiku uliofuata alifanya kipindi chake cha mwisho. Je, aliondoka au aliondolewa? Kwa karatasi, aliondoka: alitia saini, akapokea fedha. Kwa mantiki ya mambo, aliondolewa: aliwekewa sharti asiloweza kulikubali, na Machi 1 Leno akarudi mahali pale pale. Watu waliojitokeza mvuani siku ya Januari 18 nje ya studio zake katika eneo la Los Angeles, wakibeba picha yake yenye nywele nyekundu iliyochorwa na msanii Mike Mitchell, walishika “kaondolewa”. Watu wa kampuni walishika “tumekubaliana”. Mfasiri akiandika “alifukuzwa” ameingia upande mmoja, na akiandika “alijiuzulu” ameingia upande wa pili. Lililo la haki ni kueleza kitendo chenyewe: “alikataa saa mpya aliyopangiwa, akatoka kwa makubaliano”. Ni maneno mengi, lakini hayamdhulumu mtu.

Tukio la tatu ni la Stephen Colbert. Julai 17, 2025 aliwaambia watazamaji waliokuwa katika ukumbi wa Ed Sullivan mjini New York kwamba CBS imeamua kukikomesha The Late Show, na kwamba kitamalizika Mei 2026. Ukumbi ukazomea, naye akawajibu kwamba anashiriki hisia zao. Akafafanua kwamba hakuna atakayewekwa badala yake. Kipindi chenyewe ndicho kinachokwisha. Wakuu wa CBS walisema kwamba uamuzi ni wa kifedha tu, na magazeti yalitaja hasara ya dola zipatazo milioni 40 kwa mwaka. Wengine wakakumbusha kwamba siku chache tu kabla ya tangazo Colbert alikuwa ameikosoa kampuni mama, Paramount, kwa kumlipa Rais Donald Trump dola milioni 16 ili kumaliza kesi, na kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikingoja idhini ya serikali ili iungane na Skydance. Idhini ilitolewa Julai 24.

Tazama jinsi vitenzi vilivyogawana kazi. Tangazo la CBS lilitumia kwa kipindi kile kile kitenzi ambacho Waingereza hukitumia kwa mzee anayestaafu. Rais Trump, siku iliyofuata, aliandika kwamba amefurahi sana kuona Colbert amefukuzwa. Magazeti yakasema kipindi kimefutwa. Vitenzi vitatu kwa kitendo kimoja, na kila kimoja kina shabaha yake: cha kwanza kinafunika uamuzi kwa shuka la heshima, cha pili kinaugeuza kuwa adhabu ya mtu, cha tatu kinautaja uamuzi bila kutaja sababu.

Mfasiri wa Kiswahili hana haki ya kuvisawazisha vitenzi hivi. Anapotafsiri tangazo la kampuni aandike “kukihitimisha kipindi na jina lake”, maana “kukistaafisha kipindi” kungechekesha, na “kukifuta” kungeiondoa adabu ambayo kampuni ilikusudia kuivaa. Anapotafsiri maneno ya Rais aandike “amefukuzwa”, maana ndivyo alivyosema, hata kama Colbert aliachiwa amalize msimu. Anapoandika kwa kalamu yake mwenyewe ndipo atumie “kipindi kimefutwa”. Asiandike hata kidogo “Colbert afutwa kazi” katika kichwa cha habari kwa ajili ya kuokoa nafasi. Kufutwa kwa kipindi na kufutwa kwa mtu kazi ni mambo mawili, na tofauti yao ndiyo hasa iliyokuwa ikigombaniwa.

5. Jambo lililonipata

Nisionekane kuwa nawafundisha wenzangu jambo ambalo mimi mwenyewe sikulikosea. Miaka michache iliyopita nililetewa barua ya ofisi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, inayohusu mtumishi aliyekuwa ametoka kazini. Barua ilitumia jina lile lisilo na mtendaji: “kuondoka kwake”. Nilikuwa na kazi nyingi siku ile, nikaandika “kuacha kazi kwake”, nikaiona sentensi inatiririka vizuri, nikapeleka. Wiki chache baadaye mtumishi mwenyewe alikuja na barua yangu mkononi. Hakuwa ameacha kazi. Alikuwa ameachishwa baada ya kitengo chake kuvunjwa. Mahali alipopeleka madai yake walimwambia kwamba, kwa mujibu wa maandishi ya Kiswahili, yeye ameacha mwenyewe, na kwa hiyo hana analodai.

Aliniuliza kwa upole, “Ndugu, mimi nimekuachia nini hata ukaandika nimeacha?” Sikuwa na jibu. Tafsiri ilirekebishwa, lakini baada ya miezi, na baada ya nauli nyingi zilizotoka mfukoni mwake. Kati ya “kuacha” na “kuachishwa” mna viambishi viwili tu, na ndani ya viambishi hivyo mlikuwamo haki ya mtu. Tangu siku hiyo sikuamini tena kwamba mnyambuliko wa vitenzi ni somo la watoto wa shule.

6. Kusimama, kusimamishwa na kusitishwa

Tukio la Septemba 2025 linatupa vitenzi vingine vya kuchunguza. Jimmy Kimmel, mwendesha kipindi wa shirika la ABC, alisema maneno kuhusu watu walivyoyapokea mauaji ya Charlie Kirk. Mkuu wa tume ya mawasiliano ya serikali, Brendan Carr, akatoa maneno ya kuonya. Kampuni mbili kubwa zenye vituo vya mikoani zikasema hazitakirusha kipindi. Na Septemba 17 ABC ikakiondoa hewani bila kutaja mwisho. Watu wakapinga, wengine wakaacha kulipia huduma za kampuni mama ya Disney. Septemba 23 Kimmel alirudi.

Tatizo la mfasiri hapa ni “bila kutaja mwisho”. Wengi huandika “milele” au “moja kwa moja”, na wengine “kwa muda”. Yote mawili yanasema zaidi ya yale yaliyosemwa. “Kwa muda usiojulikana” ndilo lenye usahihi. Ama kitenzi, “kusimamishwa” kwa watumishi wa serikali kuna maana maalumu ya kumzuia mtu asifanye kazi wakati uchunguzi unaendelea, na hapa hapakutangazwa uchunguzi wowote. “Kusitishwa” lilikuwa zuri, kwani kusita ni kuacha kidogo kwa kuelekea kuendelea au kutoendelea. Lakini siku hizi watu hulitumia kwa kukomesha kabisa. Nawasihi walimu walirudishe mahali pake: kilichositishwa chaweza kurudi, kilichokomeshwa hakirudi. Kipindi cha Kimmel kilisitishwa. Kile cha Colbert kilitangaziwa kukomeshwa.

7. Umma ni nani?

Istilahi ya mwisho ni ile inayowataja wanaosikitika. Vichwa vya habari hupenda kusema “wananchi wakasirika” au “umma walia”. Katika habari ya Colbert, Chama cha Waandishi kilimwomba mwanasheria mkuu wa jimbo la New York achunguze. Maseneta wa chama cha Democratic, miongoni mwao Adam Schiff na Elizabeth Warren, wakataka ielezwe kama sababu ni ya kisiasa. Waendesha vipindi wengine wakamtetea mwenzao. Na Rais wa nchi, ambaye naye ni mwananchi na alichaguliwa na wananchi, akafurahi. Wengi zaidi, bila shaka, walikuwa wamelala. Neno “umma” limewabeba wote hao na kuwapa moyo mmoja wasiokuwa nao.

Napendekeza tutofautishe. “Watazamaji” ni wale wanaokitazama kipindi. “Wapenzi wa kipindi” ni wale wanaokipenda. “Umma” libaki kwa watu wote kwa jumla, pamoja na wasiojali. Na kile wanachokifanya kiitwe “mwitikio”, neno lisilohukumu kama ni furaha au hasira, mpaka habari yenyewe ieleze.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, nawaomba wasomaji wayapime haya yafuatayo:

(a) kipindi cha mazungumzo cha usiku, badala ya kipindi cha usiku wa manane;
(b) mwendesha kipindi, badala ya mtangazaji au mwenyeji;
(c) kufuta kipindi litengwe na kumfuta mtu kazi;
(d) kuhitimisha kipindi, pale msemaji anapokusudia heshima;
(e) kusitisha kwa lile linaloweza kuendelea, kukomesha kwa lile lililokwisha;
(f) mwitikio wa watazamaji, badala ya hasira ya wananchi, isipokuwa hasira hiyo imethibitika.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo ya mtu mmoja, nayo yanahitaji kukosolewa kabla hayajafika mezani pa wataalamu. Lakini juu ya kanuni yenyewe sina shaka. Lugha yetu inatudai tuseme nani katenda na nani katendwa. Kabla mfasiri hajatia saini chini ya neno “kuondoka”, aulize maswali matatu: huyu kaondoka mwenyewe, kaondolewa na mtu, au wanaozungumza ni wale walioondokewa? Kama chanzo chake hakijibu, aandike kwa namna itakayoonyesha kwamba hakijajibu, wala asijibu yeye kwa niaba yake. Na walimu wanaofundisha kauli za vitenzi wangefanya vyema wakitumia mifano ya namna hii darasani, ili mwanafunzi atakayekuwa karani kesho ajue kwamba kiambishi anachokiona kidogo kinaweza kumrudisha mtu nyumbani na haki yake au mikono mitupu.